Utakutana Nao Tena: Kwa Anayetaka Kuandikia Jarida la Mkoa

Mara kwa mara mtu huniuliza niliingiaje kwenye jarida la mkoa wetu, lile la maisha, nyumba, safari, mavazi na watu. Wengi huuliza kana kwamba kuna mlango wa siri na ufunguo wake anao mtu mmoja. Nimeandikia jarida hilo miaka 11, na jibu langu la kwanza ni lilelile siku zote: chukua toleo lolote la jarida unalolipenda, tafuta ukurasa wa mwanzoni wenye orodha ya majina, ule ambao wasomaji huuruka, uusome wote.

Juu utawakuta mchapishaji, mhariri, msanifu wa kurasa na watu wa matangazo. Mara nyingi hao ndio walioajiriwa, na hawafiki kumi. Chini yao, kwa herufi ndogo, ndiko waliko waandishi. Katika jarida letu wamo mwalimu wa hesabu, muuguzi wa zamu ya usiku, na mpima ardhi mstaafu anayejua kila njia ya miguu kwa sababu aliipita akiwa na vyombo vyake begani. Mimi nilikuwa karani wa masjala nilipoandika makala yangu ya kwanza, na nilikuwa bado karani wa masjala nilipoandika ya thelathini. Watu wanaoandikia majarida ya namna hii ni wakazi wa hapohapo wenye kazi nyingine, waliozoea kutazama mambo kwa makini.

Kila toleo mhariri ana kurasa tupu na mikono michache. Usidhani amekosa watu wenye maneno matamu, maana hao wapo tele. Anachokikosa ni mtu atakayeleta kazi siku waliyokubaliana, kwa urefu walioafikiana, na majina yakiwa sahihi. Hilo la majina nitalikalia kidogo, maana ndilo lililonifundisha kazi hii.

Mwandishi wa gazeti la taifa anaweza kumwandika mtu leo asimwone tena maisha yake yote. Wewe utamkuta kwenye foleni ya benki wiki ijayo. Mwanawe atasoma darasa moja na wako. Utakaa naye benchi moja kwenye msiba. Jarida la mkoa linaandikwa na majirani kuhusu majirani, na ushauri wangu wote unatoka hapo.

Mwaka wangu wa pili nilimwandika mama mmoja anayejalidi vitabu. Nilishinda kwake asubuhi mbili. Nilimwona akipitisha uzi kwenye nta kabla ya kushona, ili usikatike wala usijiviringe. Nilimwona akikunja karatasi na kuibana kwa kipande cha mfupa kilicholainika kwa miaka ya kushikwa, kisha akipitisha kidole kwenye mkunjo kama anayepapasa kovu. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na baba huyo ndiye aliyekuwa kiini cha makala. Ilitoka kurasa mbili, na picha kubwa ya mzee ilipigwa upya kutoka ile ya zamani iliyotundikwa ukutani.

Mwezi mmoja baadaye nilipita kumsalimu. Kurasa zile mbili zilikuwa kwenye fremu karibu na dirisha, nami nikafurahi mpaka nilipozisogelea. Chini ya picha ya baba yake, juu ya maelezo niliyoyaandika mimi, palikuwa na ukanda wa karatasi usiozidi upana wa kidole. Rangi yake ilikaribia sana rangi ya ukurasa. Aliukata ukanyooka kabisa, akaupunguza unene pembeni usitoe kivuli, akaugundisha bila mkunjo hata mmoja. Juu yake lilipigwa chapa jina la baba yake, safari hii likiwa sahihi. Mimi nilikuwa nimeweka r mahali pa l. Nililiandika nilivyolisikia, na katika asubuhi zote mbili sikuuliza.

Hakunigombeza. Aliniona nimeganda pale, akasema, "Nimeliweka sawa kwa ajili ya ndugu zangu, mwanangu. Maana huyo mwingine hawamjui." Kisha akaenda kunitafutia kiti.

Nilitamani angenigombeza. Jarida lilikuwa limekwisha kusambazwa. Tuliandika sahihisho katika toleo lililofuata, mistari miwili kwenye ukurasa wa barua, lakini aliyekata ukurasa ule na kuuhifadhi hatakwenda kutafuta mistari miwili ya mwezi mwingine. Gazeti la jana huwa limekwisha fungia kitu kufikia jioni. Jarida hukaa kwa kinyozi, hukaa kwenye chumba cha kusubiri daktari, huwekwa kabatini kwa sababu shangazi yumo. Hata jina lake la Kiingereza linasema hivyo. Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine mjini London mwaka 1731, alichukua neno magazine, lililomaanisha ghala, na neno hilo lilitoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa sisi hazina. Unachokosea kwenye jarida unakiweka ghalani.

Tangu siku ile simwandiki mtu kabla hajashika kalamu na kuandika jina lake mwenyewe katika daftari langu, pamoja na majina ya wote atakaowataja: mzazi, mwalimu, mwenzi wake, mtoto aliye kwenye picha. Wanaojua kuandika huandika. Asiyejua, namsomea herufi moja moja mbele ya ndugu yake. Siku moja kabla ya kupeleka makala hupiga simu, nikasoma majina, umri, miaka na kila tarakimu. Sisomi makala nzima, maana mtu akisomewa sifa zake huanza kuzipunguza, na akisomewa kasoro yake huomba itolewe. Nasoma yale yanayoweza kuwa kweli au uongo tu. Mara nyingi simu hiyo hunipa kosa moja. Mara mbili imenipa sentensi bora kuliko zote nilizokuwa nazo.

Wapo wanaoniambia kuhakiki ni kazi ya mhariri. Jarida la Marekani The New Yorker lilianza kuhakiki taarifa kwa utaratibu maalumu mwaka 1927, baada ya kuchapisha makala iliyojaa makosa kuhusu mshairi Edna St. Vincent Millay, na hadi leo lina watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Jarida la mkoa halina dawati hilo. Mhariri wetu anasoma makala 20 huku akijibu simu za mpiga chapa. Dawati la uhakiki ni wewe na simu yako.

Sasa njia ya kuingia. Usianze kwa kuomba ile makala ndefu ya katikati. Kurasa za mwanzo zina habari fupi za maneno 150 au 200, na hizo ndizo zinazomsumbua mhariri kila mwezi kwa sababu ni nyingi na waandishi wazoefu hawazipendi. Andika tatu vizuri, kwa wakati, na mhariri atalikumbuka jina lako kabla hujamkumbusha.

Unapopeleka pendekezo, peleka kisa, usipeleke mada. "Ningependa kuandika kuhusu mafundi wa saa" ni mada, na mhariri amekwisha kuipokea mara nyingi. "Kuna fundi wa saa ambaye wateja wake wanahamia saa za simu, naye ameanza kufundisha watoto wa jirani kusoma saa ya mishale" ni kisa: kina mtu, kina badiliko, na msomaji anataka kujua watoto wale wamefika wapi. Aya moja inatosha. Ongeza sentensi moja ya kusema umekwisha zungumza na mhusika na amekubali, maana kuna mapendekezo mengi mazuri yaliyokufa kwa sababu mwandishi alimuuliza mhusika mwishoni. Sema pia ni kitu gani kinaweza kupigwa picha. Jarida hununuliwa kwa macho kwanza, na mpiga picha akipewa siku moja na anwani isiyoeleweka, makala yako ndiyo itakayopunguzwa.

Jifunze pia kuishi mbele ya kalenda. Jarida la kila mwezi hupangwa miezi mitatu au minne kabla, na picha za msimu mara nyingi zilipigwa mwaka uliopita. Kwa hiyo utaandika kuhusu mvua wakati wa kiangazi, na kuhusu sherehe za mwisho wa mwaka wakati watu hawajazifikiria. Nina daftari dogo la misimu: tarehe miti fulani ilipochanua, siku ukungu ulipoanza kukaa bondeni, harufu ya vumbi iliyopigwa na matone ya kwanza. Bila daftari hilo ningeandika mvua ya kichwani, na msomaji anayeishi humuhumu angejua mara moja.

Hapo nakuja kwenye udhaifu mkubwa wa uandishi wetu, nao ni sifa. Ukijua utakutana na mtu tena, unashawishika kumsifia. Kila bustani inakuwa ya kupendeza, kila fundi mahiri, kila nyumba maridadi. Baada ya kurasa kumi msomaji haoni tena bustani yoyote. Ninapomaliza rasimu huzungushia duara maneno ya sifa yote, halafu kwa kila duara hujiuliza mkono wa huyu mtu ulifanya nini. Kwenye rasimu ya yule mama nilikuwa nimeandika "fundi stadi". Nilipolifuta ndipo nilipokumbuka uzi na nta, na hakuna aliyesoma habari ya uzi na nta akahitaji kuambiwa kwamba ni stadi. Heshima kwa jirani yako ni kumwangalia vizuri, na jambo gumu alilokwambia kwa hiari yake uliandike kwa upole lakini uliandike.

Kishawishi kingine ni matangazo. Mwenye hoteli amelipia ukurasa mzima, naye angependa mwandishi apite kwake. Majarida ya namna hii yamekuwa karibu na biashara tangu mwanzo: Sunset ya Marekani ilianzishwa mwaka 1898 na kampuni ya reli ya Southern Pacific, iliyotaka watu wavutiwe na nchi ya magharibi. Hakuna aibu kuandika makala iliyolipiwa, mradi iandikwe juu ya ukurasa kwamba imelipiwa. Nimewahi kuombwa nigeuze tangazo lionekane makala ya kawaida, nikakataa, na kwa miezi mitano sikupewa kazi. Miezi hiyo iliniuma, na ningekataa tena. Msomaji akienda mahali kwa sababu nimesema pazuri, akakuta si hivyo, hatamtafuta mtu wa matangazo. Atanisimamisha mimi njiani.

Kuhusu malipo nitakuwa mfupi. Uliza kabla hujaandika, na uombe jibu kwa maandishi: utalipwa makala ikikubaliwa au ikichapishwa? Tofauti yake inaweza kuwa miezi sita. Uliza utapata nini iwapo watakuagiza makala kisha wasiitumie, na kama unaruhusiwa kuichapisha kwingine baadaye. Kuuliza si utovu wa adabu. Mhariri mwema hufurahi, kwa sababu na yeye amechoka kuombwa radhi na kuomba radhi. Na usiache kazi yako ya mchana kwa kutegemea makala mbili kwa mwezi. Kazi hiyo ndiyo inayokukutanisha na watu. Kisa cha yule mama mjalidi nilikipata masjala, nilipouliza ni nani aliyekarabati jalada la rejesta moja ya zamani.

Kabla hujamwandikia mhariri yeyote, basi, nunua daftari. Langu la sasa sikulinunua dukani, alinijalidia yeye: kurasa 200, mgongo wa kitambaa, uzi uliopita kwenye nta. Nilipokwenda kulichukua nilimwomba aandike ukurasa wa kwanza. Alifuta kalamu kwa kitambaa, akaandika jina la baba yake kwa herufi kubwa, akaipigia ile l mstari chini yake. Kisha akanipa kalamu, akaniambia niandike na la baba yangu.