Pikapu kukosa nguvu ukikanyaga mafuta: pima presha kwanza

Ndugu, kwa ulivyoeleza, pikapu yako ya petroli yenye nozeli (vipulizia mafuta kwenye injini) inanguruma vizuri ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), ila ukikanyaga mafuta kupanda mlima inazubaa na kukosa nguvu. Tafadhali usinunue plagi na koili kwa kubahatisha. Ikiwa sailensa, injini hutumia mafuta kidogo mno, ndiyo maana pampu iliyochoka au filta iliyoziba haijionyeshi hapo. Funga geji ya presha ya mafuta, ibane chini ya waipa nje ya kioo (kamwe usiingize petroli ndani ya kabini), kisha upande mlima huo huo. Presha ikishuka ukikanyaga, badilisha filta, halafu upime umeme unaofika kwenye pampu. Waya wenye kutu huifanya pampu nzima ionekane mbovu.

Presha ikibaki imara, shuku ekzosi (bomba la moshi). Unganisha geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa) kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, shikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Mshale ukizidi kushuka taratibu, huenda katalitiki (kisafisha moshi ndani ya ekzosi) imeziba, hasa kama injini imekuwa ikila oili. Filta ya hewa itazame tu.

Ukipata vipimo, viweke hapa tuvisome pamoja.