Kabla hujafungua darasa la uchoraji, soma habari za Hangar

Vijana wanaotaka kufundisha wenzao kuchora hunijia wakiuliza habari za brashi na chumba. Mimi huwauliza: siku ukiwa haupo, daftari la wateja litashikwa na nani? Hucheka. Basi nawasimulia ya Hangar.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, nchini Kongo. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wanakili. Aliwapa rangi, akawaambia wachore wanayoyaona na wanayoyakumbuka. Ndiyo maana hawakufanana. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege gamba kwa gamba, unyoya kwa unyoya, nafasi yote iliyobaki akaijaza nukta na vistari. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu kwa mistari mifupi iliyobanana kama ukili. Bela Sara, mzaliwa wa Chad, aliweka brashi kando akachovya vidole.

Hapo naiga bila haya. Mwanafunzi mpya simpi picha ya kunakili wala simshiki mkono, hata mzazi akinung'unika kwamba mtoto bado hajui kuchora uso. Atajua tu.

Nisichoiga ni ubwana wa Romain-Desfossés. Yeye ndiye aliyeamua lipi ni la Kiafrika na lipi si la Kiafrika, na kazi zilifika kwenye maonyesho ya Ulaya kwa mkono wake. Alipofariki mwaka 1954, Hangar ikaisha. Wachoraji wake wakubwa wakahamia chuo cha sanaa cha Laurent Moonens mjini humohumo.

Linganisha na Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga aliuawa mwaka 1972, akiwa amechora miaka michache tu. Lakini wanafunzi wake, wengi wao ndugu, walikuwa wameshazoea kuchora na kuuza wenyewe. Wakaungana, baadaye wakawa chama cha ushirika, na mpaka leo picha zinatoka.

Kwa hiyo darasani kwangu kila mmoja anapanga bei yake na kuiandika nyuma ya picha kwa penseli. Mteja akija, aliyechora ndiye anayesimama naye. Mimi nakaa pembeni, hata nikisikia punguzo la kijinga. Jina na simu ya mteja vinaingia kwenye daftari la wote, na daftari linalala kwa mwanafunzi, kwa zamu. Ukianza, anza na hilo kabla ya kununua easeli, kile kiegemeo cha kuwekea picha inayochorwa.