Kwa gadi mfupi anayeambiwa kikapu si mchezo wake

Nimecheza pointi gadi, yaani mchezeshaji wa timu, tangu sekondari, kwenye viwanja vya saruji vya Dar es Salaam, na karibu kila aliyenikaba alinizidi kichwa kizima. Siku hizi nafundisha vijana, na wafupi ndio hunijia wakiwa wamekata tamaa. Ninachowaambia ni kwamba, mdogo wangu, waachie warefu hewa. Mpira unaodundwa lazima ushuke chini, na chini ni kwako.

Mtazame Tyrone "Muggsy" Bogues wa Baltimore. Kwa sentimita zake 160, hajapatikana mfupi zaidi yake katika historia ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Watu wanapenda kusambaza picha yake akiwa na Manute Bol, Mdinka wa Sudan mwenye sentimita 231, waliocheza pamoja Washington Bullets msimu wa 1987/88. Mimi picha ile hainifurahishi, kwa sababu inamfanya kioja na kuificha kazi yake.

Alipoingia chuo cha Wake Forest mwaka 1983 alikaa benchi sana. Wastani wake mwaka wa kwanza ulikuwa pointi 1.2. Mwaka wa nne alikuwa na pointi 14.8 na asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, 9.5 kwa mchezo. Katikati, mwaka 1986, alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na timu ya Marekani kule Hispania. Kwa hiyo kijana wa kidato cha pili anayetaka kuacha kwa kuwa hapangwi, namwomba avute subira. Bullets walimchagua wa 12 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 1987, wakamwachia baada ya msimu mmoja tu, timu mpya ya Charlotte Hornets ikamchukua. Huko alikaa hadi 1997, na hakuna aliyempita kwa asisti wala kwa kupokonya mipira katika klabu hiyo.

Alikuwa akimkaba mchezeshaji wa wapinzani uwanja mzima. Hili lijaribu hata kesho. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, timu ina sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja. Ukimbana mtu tangu mpira unaporushwa ndani, atageuka akupe mgongo, na akishageuka hawaoni wenzake. Kaa upande wa mkono anaodundia, kiganja kikiangalia juu, miguu ikisogea bila kupishana. Mpira wa mtu mrefu husafiri njia ndefu kutoka mkononi hadi sakafuni. Upokonye unapopanda, maana ukipiga kutoka juu mwamuzi ataita faulo.

Ukiwa na mpira wewe, dunda chini ya goti unapopita kwenye msitu wa watu. Usiende hadi chini ya ringi kupigana na senta, yule mrefu anayelinda ringi. Simama hatua mbili kabla, uinue mpira juu kwa mkono mmoja, laini, kabla hajanyoosha mikono. Mimi shuti hilo lilinigharimu miezi mingi ya asubuhi, na ndilo lililonipa namba kwenye timu.

Pasi nazo zina hesabu yake. Bogues alitoa wastani wa asisti 7.6 kwa mchezo katika maisha yake ya NBA, huku akipoteza mpira chini ya mara mbili. Kocha anaweza kumvumilia mfupi asiyefunga sana. Anayepoteza mpira hovyo hatamvumilia. Kwa hiyo pasi ya mbwembwe mgongoni iache mazoezini.

Wapinzani warefu watakupeleka chini ya goli wakuegemee, hilo litegemee. Usisubiri nyuma ya anayekuegemea. Mzunguke ukae mbele, uzuie pasi isimfikie, na mkubaliane mapema na senta wenu nani atafunika pasi ya juu. Kama senta hajui kuwa atakuja kusaidia, mwambie wakati mnapasha misuli, kabla filimbi haijapulizwa.