Maswali ya Wasomaji: Chujio la Maji Chini ya Sinki

SWALI: Mpendwa Mhariri, tumehamia Usa River, Arusha, na maji ya nyumbani yanatoka kwenye kisima kirefu. Watu wengi waliokulia hapa wana meno ya kahawia. Muuzaji mmoja ametuonyesha chujio la hatua tatu la kufungwa chini ya sinki, katriji moja ya sufi na mbili za kaboni, akatuhakikishia kwamba linaondoa kila kitu. Nina mtoto wa miaka miwili. Je, linatosha, hasa tukiyachemsha maji pia? (Mama wa mtoto mmoja)

JIBU: Dada yetu, kwa maji ya huko chujio hilo halitoshi, na kuchemsha hakutasaidia katika jambo hili. Meno ya kahawia uliyoyaona ni dalili inayojulikana ya floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, ambayo huyeyuka majini yasionekane wala kunuka. Moto hauyaondoi, maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floraidi hubaki, na kiasi chake katika kila lita huongezeka. Katriji ya sufi hunasa mchanga, kutu na tope, na kaboni huondoa klorini, harufu na baadhi ya kemikali kama viuatilifu, lakini floraidi hupita katika zote tatu bila kupungua kwa kiasi cha maana. Muuzaji anayesema chujio lake linaondoa kila kitu mwombe aandike linaondoa nini na kwa kiwango gani, kwa sababu idadi ya hatua peke yake haielezi lolote.

Kabla ya kutoa fedha, pimeni maji. Ulizieni katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji mjini Arusha, au katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, ambacho hakiko mbali nanyi, na mwombe kipimo cha floraidi pamoja na cha bakteria wa kinyesi. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4 kwa sababu vyanzo mbadala vilikuwa haba, sasa inafuata ukomo huo huo.

Ikiwa kipimo kitavuka ukomo, mna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni mtambo wa RO (kifupi cha Kiingereza cha reverse osmosis), unaoyasukuma maji kupitia utando wenye matundu madogo mno. Ukiwa mzima huondoa takriban asilimia 85 hadi 95 ya floraidi, kwa hiyo maji yenye miligramu 6 yanaweza kushuka hadi chini ya 1. Ya pili ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa utafiti wa muda mrefu huko Ngurdoto. Halihitaji umeme na halimwagi sehemu ya maji kama RO, ila mkaa wake hushiba floraidi, na ladha ya maji haitawaonyesha siku uliposhiba, hivyo lazima yapimwe mara kwa mara. Kwa nyumba yenye umeme wa uhakika na mtoto mdogo ningechagua RO, na bado ningerudia kipimo cha floraidi kila mwaka.

Maji yaliyochujwa yatumike pia kupikia ugali, uji na chai. Tena, angalieni magadi mnayotia kwenye maharage, kwani magadi ya ukanda huo yanaweza kubeba floraidi nyingi, na chujio likawa linafanya kazi ambayo chungu kinaibatilisha. Ninalisisitiza hili kwa ajili ya mtoto: meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi tangu sasa hadi afikishe takriban miaka 8, na doa linaloingia katika kipindi hicho haliondoki kwa mswaki.

SWALI: Ninaishi Kigamboni na kisima chetu kina chumvi. Nimefunga RO, lakini maji safi hutoka kwa matone huku ya kumwagwa yakitiririka. Tanki letu liko juu ya mnara wa mita sita. Je, utando umeharibika? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Yaelekea utando ni mzima na kinachokosekana ni msukumo. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo), hivyo mnara wenu hautoi hata hiyo moja, ilhali RO ya nyumbani hufanya kazi vizuri ikipata bar 3 au zaidi, na chumvi inapokuwa nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Mwambieni fundi afunge pampu ndogo ya kuongeza msukumo kabla ya utando. Hata mtambo mzima humwaga lita kadhaa kwa kila lita ya kunywa. Yakingeni maji hayo kwenye ndoo kwa kupigia deki na kusafishia choo, wala msimwagilie mboga, maana chumvi yake imezidi ile ya kisimani.

SWALI: Nimerudi kutoka safari ndefu na maji ya chujio langu la kaboni yananuka. Katriji hudumu muda gani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kaboni huondoa klorini, ambayo ndiyo kinga ya maji ya bomba, kwa hiyo maji yanayolala ndani ya chujio katika joto la pwani hualika bakteria. Kwa kuwa yameshanuka, badilisha katriji. Kwa kawaida ile ya sufi hudumu miezi 3 hadi 6, na mapema zaidi bomba likileta tope. Ya kaboni miezi 6 hadi 12, na usingoje harufu ikukumbushe.

Funga koki, fungua bomba la chujio ili msukumo uishe, kisha fungua kopo linaloshika katriji kwa spana yake ya plastiki. Lisugue kwa sabuni, lisuuze kwa maji yenye klorini kidogo, na ukague mpira wa kuzibia; ukiwa umepasuka au kulegea, weka mpya, kwani uvujaji mwingi chini ya sinki huanzia hapo. Andika tarehe kwenye kopo. Fungulia maji ya kwanza yamwagike hadi vumbi jeusi la kaboni liishe, na kesho yake asubuhi pangusa chini ya kopo kwa karatasi kavu kuona kama kuna tone.