Sanduku la mmisionari likikufikia mezani: kwa wanaoanza kazi ya nyaraka Tabora na Kigoma

Ukianza kutunza nyaraka za kanisa huku magharibi, hazitapita siku nyingi kabla hujaletewa sanduku la bati kutoka nyumba ya zamani ya misheni. Ndani utakuta barua, shajara, daftari za hesabu, picha, pengine na Biblia yenye majina ya watoto waliozaliwa na waliozikwa. Juu ya kifuniko limeandikwa jina la Mzungu mmoja, na ofisi nzima italiita sanduku lake. Kwenye rejista andika hivyo hivyo. Ila unapofanya kazi, kumbuka kwamba karatasi hizo ni za wapagazi, wapishi, walimu, watemi na wagonjwa pia, na wengi wao hawakuandikwa mahali pengine popote. Unachotakiwa kufanikisha ni kwamba mtu wa Urambo au Ujiji akija kumtafuta babu yake, ampate.

Siku lilipofika, sanduku lisiingie stoo. Liweke chumba cha peke yake, ulikague mchwa na vumbi laini linaloachwa na wadudu kwenye mikunjo. Sanduku za Kigoma huwa na ukungu kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Za Tabora zina vumbi na karatasi zilizokauka hadi kukatika. Karatasi yenye ukungu ikaushwe kivulini penye hewa, kamwe si juani. Ukungu ukishakauka ndipo unaupangusa kwa brashi laini, nje ya nyumba, umevaa barakoa. Ukiusugua ukiwa mbichi unauingiza ndani ya nyuzi za karatasi, na hapo hautoki tena.

Kwa wadudu usipulize dawa ya mbu. Funga karatasi kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, maana ukifungua mapema unyevu wa hewa utatua kwenye karatasi baridi. Picha za kioo, yaani zile za kale zilizopigwa juu ya bamba la kioo, zisiingie friza kabisa.

Kabla hujatoa hata karatasi moja, piga picha jinsi zilivyokaa. Wageni wengi wa kazi hii wanaharibu hapa: wanamwaga kila kitu mezani na kupanga kwa tarehe. Barua zilizofungwa pamoja kwa uzi zilifungwa kwa sababu, labda ndizo zilizokwisha jibiwa, labda ni kesi moja ya shamba la misheni. Ukizitawanya, sababu hiyo imepotea. Kipe kila kifurushi namba, halafu kila karatasi ndani ya kifurushi, kwa penseli laini, upande wa nyuma, kwenye kona ya chini. Kalamu ya wino isikaribie meza. Selotepu na lamination ni marufuku. Pini yenye kutu haivutwi: ingiza kipande chembamba cha plastiki juu na chini yake, kisha iteleze taratibu. Wino wa kahawia uliotoboa karatasi una chuma ndani yake na unaendelea kuila. Usikunjue karatasi hiyo bila kuweka nyingine ngumu chini yake, na maji yasiiguse.

Sasa kusoma. Jiulize kwanza barua iliandikwa isomwe na nani. Chama cha Misheni cha London, LMS, kilifika Ujiji Agosti 1878, kikafungua kituo Urambo mwaka uliofuata chini ya Dr. Ebenezer Southon. Barua walizoandikia wakurugenzi wao ziko London, katika maktaba ya SOAS. Hizo zilikuwa na kazi ya kueleza fedha zimekwenda wapi na kuomba nyingine, kwa hiyo zinapima maneno. Barua kwa mama au kwa ndugu husema zaidi. Shajara ya mfukoni husema zaidi ya hapo. Na daftari la hesabu, ambalo kila mgeni hulisukuma pembeni, ndilo linalotaja watu wengi kuliko yote, kwa sababu kila aliyelipwa lazima aandikwe.

Chukua ukurasa mmoja wa hesabu za wakati wa misafara. Upande wa kushoto kuna jina, katikati kazi, kulia malipo kwa nguo: shuka ni mikono minne, karibu mita 1.8, doti ni shuka mbili. Utaona merikani na kaniki, ambazo ni aina za vitambaa, na shanga. Ujiji shanga za aina ya sofi zilitumika sokoni kama fedha, kwa hiyo usiziandike kuwa zawadi. Frasila ni karibu kilo 16, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili pungufu kidogo. Ukijua hayo, mstari unaoonekana mkavu unakueleza nani alibeba nini, kutoka wapi, na kama alilipwa posho ya njiani au alikatwa. Hongo, yaani ushuru wa kupita aliotozwa mmisionari njiani, nayo iko humo, na jina la mtemi aliyeipokea. Kwa maoni yetu, mwenye muda wa kunakili kitu kimoja tu katika sanduku zima anakili hesabu.

Mwaka 1898 Urambo ilikabidhiwa kwa Wamoravian, kanisa la Kiprotestanti lenye makao Ujerumani, na kuanzia hapo lugha ya sanduku inageuka Kijerumani, kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent. Usikate tamaa. Katika mwandiko huo herufi e inafanana na n, na u inawekewa kialama juu ili isichanganywe na n. Lakini waandishi wengi, wakifika kwenye jina la mtu au la mahali pa kigeni, walibadilisha na kuandika kwa herufi za Kilatini za kawaida. Kwa hiyo hata kabla hujajua Kijerumani unaweza kupitia barua nzima ukiokota majina ya Kinyamwezi, kwa kuwa mwandiko wake unajitenga na mengine. Tahajia itakusumbua kidogo: Ujiji ni Udjidji, Wanyamwezi ni Wanyamwesi, mtemi Isike wa Unyanyembe huonekana kama Siki. Na usichanganye Kwihara na Kwikuru. Ni sehemu mbili tofauti. Vipande vidogo vya maneno ya Kinyamwezi visitupwe hata kidogo. Mmoravian Edmund Dahl alitoa kamusi ya Kinyamwezi mwaka 1915, na kamusi huanza kwa vipande kama hivyo.

Wamoravian wana jambo moja la kukusaidia sana: desturi ya kila mwamini kuandika habari za maisha yake ili zisomwe siku ya mazishi. Nyingi zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Zitumie kupata mfululizo wa vituo na miaka, ila kumbuka mwandishi alichagua yafaayo kusomwa mbele ya jeneza.

Ukikuta pengo mwaka 1916, usidhani mtu ameiba. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliingia Tabora Septemba mwaka huo, wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na karatasi nyingi hazikuwafuata.

Tarehe zitakudanganya. Mwandishi wa habari Stanley aliandika kwamba alimkuta mmisionari Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Hesabu ya Livingstone inaangukia Oktoba. Homa na safari ndefu hupoteza siku. Andika tarehe iliyo kwenye karatasi, na unayoikadiria wewe iweke kwenye mabano ya mraba. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, barua ilitembea kwa miguu hadi pwani, hivyo jibu la swali la Januari litafute mbali sana mbele.

Livingstone anafundisha jingine. Karatasi zilipomwishia Nyangwe, huko Kongo, aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu. Baadaye alinakili kwenye shajara kubwa, akaifunga na kumkabidhi Stanley Stanley huyo alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, Machi 1872. Wataalamu walipoisoma ile ya gazeti kwa picha za mwanga wa aina mbalimbali, walikuta baadhi ya mambo yalibadilika wakati wa kunakili. Ukiwa na daftari chafu na nakala safi ya shajara ileile, tunza zote mbili.

Sanduku likitoka kwa familia, nenda mwenyewe ukatoe shikamoo, kaa, usikilize, kisha toa hati ya kupokelea iliyosainiwa na pande zote mbili. Mzee akikueleza aliye kwenye picha, andika palepale. Mwambie pia kwamba kuwa na barua si kuwa na haki ya kuichapisha: haki ni ya aliyeiandika na warithi wake, na kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Taarifa za ugonjwa au za nidhamu ya kanisa zinazohusu watu walio hai zifungwe kando.

Mwisho ni faharasa ya majina. Kila mtu apate mstari wake: jina kama lilivyoandikwa, jina kwa tahajia ya sasa, kazi, mahali, mwaka, namba ya karatasi. Asiye na jina naye aandikwe: “mpishi, jina halikutajwa”, pamoja na kituo na mwaka, kwani karatasi nyingine inaweza kumtaja. Mtu mzima aliyeitwa “boi” aandikiwe kazi yake halisi, na neno la karatasi libaki kwenye alama za kunukuu. Nakala moja iende ushirika lilikotoka sanduku, imechapwa kwa herufi kubwa, maana watakaoisoma kwanza ni wazee.