Ukitaka kutengeneza mazulia ya tafti, anza na kitambaa

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu mazulia ya tafti, yaani yale ambayo nyuzi zake hupachikwa kwenye kitambaa kwa mashine ya mkononi badala ya kufumwa, huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Nami nilianza hivyo hivyo. Leo namsihi kila anayeanza atafute kwanza kitambaa, kwa sababu sindano hupiga mahali pamoja tena na tena kwa kasi kubwa, na kitambaa kisichostahimili hukupotezea uzi, muda na fedha kwa mpigo mmoja.

Zulia langu la kwanza nilitumia marekani niliyoinunua Kariakoo, nikiamini kwamba uzito wake ungetosha. Nilipokaribia katikati, nyuzi zake zilianza kukatika moja baada ya nyingine, hadi pakafunguka tundu la ukubwa wa kiganja na manyoya yote ya pembeni yake, yaani ncha za uzi zinazosimama juu ya zulia, yakachomoka. Kinachofaa ni kitambaa kilichofumwa mahususi kwa kazi hii, kwa kawaida mchanganyiko wa poliesta na pamba, ambacho nyuzi zake husogea kuipisha sindano kisha hurudi kuubana uzi. Kwetu hupatikana kwa kuagiza, kwa hiyo agiza cha kutosha mazulia mawili au matatu kwa pamoja.

Kitambaa hicho hutandazwa kwenye fremu ya mbao iliyozungushiwa misumari midogo iliyoinamia nje. Fundi seremala yeyote ataitengeneza kwa mbao za inchi mbili kwa mbili, mradi umsisitizie kwamba isiyumbe hata kidogo. Vuta kitambaa pande zote, kisha kigonge kwa kidole: kikitoa sauti kama ngoma, kiko tayari, kikibonyea, kivute tena, kwa kuwa kitambaa kilicholegea huifanya sindano iruke na uzi udondoke. Mchoro uchorwe kinyumenyume, hasa wenye maandishi, maana unafanya kazi upande wa nyuma wa zulia.

Kuhusu mashine, zipo zinazokata uzi na kutoa manyoya, na zipo zinazoacha vitanzi. Anza na inayokata. Itie matone machache ya mafuta ya cherehani kabla ya kazi, ikandamize kwenye kitambaa bila kuiinua, na uiendeshe kuelekea upande inaotazama sindano.

Uzi wa akriliki wa kufumia sweta unatosha kabisa kwa mwanzo, ingawa sufu hudumu zaidi inapokanyagwa. Pitisha nyuzi mbili kwa pamoja ili manyoya yasongamane, na uzifungue kwenye donge kabla, kwa sababu uzi ukikwama kidogo tu huacha pengo. Zulia langu la sentimita 60 kwa 90 hunimalizia karibu kilo mbili. Nunua uzi wote wa rangi moja siku moja, kwani rangi ileile iliyotiwa siku tofauti huweza kupishana.

Gundi nayo isidharauliwe. Nilishawahi kupaka gundi ya mbao kwa kuwa ilikuwa karibu, na zulia lilipokunjwa mgongo wake ulipasuka kama chapati iliyokauka. Tumia gundi ya mpira ya maji inayobaki laini ikikauka, uipake ikiwa kitambaa bado kiko kwenye fremu ili zulia lisijikunje, na uiache siku nzima. Wakati wa masika mimi huiacha siku mbili. Baada ya hapo ndipo hubandikwa kitambaa kizito cha mgongoni, pamoja na kile chenye vidoto vya mpira ikiwa zulia litakaa kwenye vigae.

Mkasi mkali unatosha kusawazishia manyoya, kwa hiyo mashine ya kunyolea inaweza kusubiri. Barakoa haiwezi kusubiri, kwa sababu vumbi la uzi huelea chumbani kwa saa kadhaa baada ya kukata.