pygit2 kwa daftari la bei: mtihani ni komiti ya pili

Mifano mingi ya pygit2 (maktaba ya Python ya kutumia Git, mfumo wa kutunza historia ya mafaili) unayoinakili hufanya kazi siku ya kwanza, kesho yake inagoma. Tuchukue kazi ndogo: folda "mwalo" yenye faili bei.csv, humo karani wa mwaloni Kirumba anaandika kila asubuhi bei za dagaa na sangara. Python itunze historia yake, kila badiliko likiwa komiti (toleo lililohifadhiwa kwenye historia). Sakinisha kwa pip install pygit2. Libgit2, injini ya C inayofanya kazi yenyewe, kwa kawaida huja humohumo.

```
import pygit2
repo = pygit2.init_repository("mwalo")
ind = repo.index
ind.add("bei.csv")
ind.write()
mti = ind.write_tree()
wazazi = [] if repo.head_is_unborn else [repo.head.target]
if not wazazi or repo[wazazi[0]].tree_id != mti:
    mtu = pygit2.Signature("Karani", "karani@example.com")
    repo.create_commit("HEAD", mtu, mtu, "Bei za leo", mti, wazazi)
```

Mstari wa wazazi ndio unaokosekana kwenye mifano mingi. Mzazi ni komiti iliyotangulia. Komiti ya kwanza haina mzazi, kwa hiyo orodha tupu ni sawa. Ya pili ukiiacha tupu, libgit2 inakataa: "current tip is not the first parent". Ukiandika repo.head.target moja kwa moja, kosa linahamia siku ya kwanza, maana HEAD (alama ya ulipo kwenye historia) bado haielekei komiti yoyote.

Ukisahau ind.write(), komiti inapita vizuri kabisa, na hapo ndipo utata unapoanza. Indeksi (orodha ya mafaili yaliyoandaliwa kwa komiti) ya kwenye diski inabaki ya zamani, hivyo git status inakuambia bei.csv imefutwa na papo hapo ni faili geni. Data haijapotea. Njia ya faili unayoipa add() nayo ianzie ndani ya repo (folda inayotunzwa na Git): "bei.csv", si "/home/karani/mwalo/bei.csv".

Sharti la tree_id (alama ya yaliyomo kwenye komiti) si pambo. create_commit haiulizi kama kuna kilichobadilika. Bila sharti hilo, ukiiweka kwenye cron (kipanga-ratiba cha Linux) kila saa, utavuna komiti 24 kwa siku hata kama karani hakugusa kitu.

Umeme ukikatika katikati ya ind.write(), huenda faili .git/index.lock likabaki, na kila jaribio linalofuata litagoma. Hakikisha hakuna programu nyingine inayotumia repo, ndipo ulifute. Usiandike msimbo wa kulifuta kiotomatiki. Siku programu mbili zikigongana, utajuta.

Kukomiti hakuhitaji intaneti, na hilo ni nafuu kwa kituo cha Nansio ambako mtandao ukiyumba kazi inaendelea. Kupushi (kutuma komiti kwenye seva) ndiko kwenye mtego. Kituo cha Kirumba kikitangulia kupushi tawi (mstari wa historia) lilelile, cha Nansio kitakataliwa mpaka kifanye fetch() (kuvuta komiti za seva) kisha kuunganisha, na pygit2 haina pull ya kukufanyia yote mawili. Rahisi zaidi ni kila kituo kiwe na tawi lake:

```
repo.remotes["origin"].push(["HEAD:refs/heads/nansio"], callbacks=cb)
```

Hiyo cb itokane na RemoteCallbacks, darasa la pygit2, ibebe hati za kuingilia, na uiandikie push_update_reference. Seva ikikataa kwa sababu zake, mfano tawi limelindwa, push() inaweza kurudi kimya kama vile mambo ni shwari. Sababu ya kukataliwa iko kwenye message inayopewa push_update_reference. Ikiwa None, imepokelewa.